Seva ya Kiboko na Kiunganishi cha Pimbi

Hadithi imesimama mlangoni.

— Ifungulie!

Imekuja na nini?

— Na uongo wake!

Na ukweli je?

— Ukweli umebaki nyumbani, unaumwa!

Basi sikilizeni. Nitaanza kwa kuwataja waliokuwapo, maana hadithi isiyotaja waliokuwapo ni uvumi.

Alikuwapo Nyati, mwenyekiti wa Baraza la Bonde. Alikuwapo Kobe, mtunza ghala, ambaye ufunguo wa ghala huuvaa shingoni, na akiingiza shingo, ufunguo nao huingia. Alikuwapo Korongo, mganga wa zahanati, amesimama kwa mguu mmoja. Alikuwapo Kiboko. Alikuwapo Pimbi, nami namtaja kwa jina lake, kwa sababu wengi humwita panya wa mawe. Pimbi si panya, hana hata mkia. Na alikuwapo Digidigi. Si swala wala paa: digidigi. Yeye hakualikwa barazani. Alikuja kwa sababu mkewe alikuwa amelala zahanati, amejifungua juzi, na homa ya uzazi imempanda. Dawa yake ilikuwa ghalani kwa Kobe.

Bonde lile lilikuwa na kompyuta. Zahanati ilikuwa na programu yake, na ghala lilikuwa na programu yake, na programu hizo hazikusikilizana. Korongo akiomba dawa, ombi lilifika ghalani kama mlio wa chura: linasikika, lakini hakuna ajuaye linasema nini. Ndipo Baraza likatangaza kwamba linatafuta mtambo wa kuzipatanisha. Wakajitokeza wawili.

Kiboko akafungua kinywa, bwaaa!

"Mheshimiwa mwenyekiti, mtambo wangu unaitwa seva ya programu. Ni nyumba. Leteni programu zote ndani. Ya zahanati ije, ya ghala ije, zile pamoja, zilale pamoja, chini ya paa moja na mkubwa mmoja. Kila ombi litabisha hodi kwangu, litapewa kiti. Tena seva yangu ina adabu! Nimeitengeneza kwa desturi yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu ndipo apewe jembe. Ombi likiingia halihojiwi kama mwizi. Litasema shida yake lipendapo."

"Na ujira?" akauliza Kobe.

"Kila hodi moja, kinywa kimoja cha mtama."

Kobe akakitazama kile kinywa. "Kinywa cha nani?"

"Changu, mzee. Cha nani tena?"

Akasimama Pimbi. Aliposimama hakuna aliyeona tofauti.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Wangu unaitwa kiunganishi cha huduma. Si nyumba, ni njia. Kila programu ikae kwake. Mimi nalichukua neno kwa Korongo, naligeuza katika lugha ya ghala, naliweka mlangoni, nasema 'imefika', naondoka. Ujira wangu ni mahali pa kuota jua."

Kiboko akacheka mpaka maji ya kijito yakatetemeka. "Njia! Kuna mtu anaishi njiani? Katoto haka hata mkia hakana, katabeba nini?"

"Mkia haubebi ujumbe, Bwana Kiboko. Ungekuwa unabeba, wako ungekuwa umerefuka kidogo."

Baraza likacheka. Digidigi hakucheka. Wapo waliosema wakati ule kwamba mitambo yote ni mamoja. Si kweli. Seva si kiunganishi, kama nyumba isivyo njia. Wa nyumba hulaumiwa kwa yaliyomo ndani. Wa njia halaumiwi kwa lolote.

"Hatutachagua kwa masikio," akasema Nyati. "Tutalinganisha. Tupate ombi la kweli, lipite kwa huyu, kisha lipite kwa huyu."

"Ombi ninalo," akasema Korongo. "Dawa ya mke wa Digidigi."

"Zuri sana hilo," akasema Nyati.

Pimbi akainua mkono. "Mheshimiwa, seva ya Bwana Kiboko ni kubwa, haifai kuharakishwa. Ipewe siku mbili nzima. Mimi mnipe asubuhi ya siku ya tatu, hata kama ni punje ya muda."

"Kijana ana heshima," akasema Nyati. Kiboko naye akakubali, maana alipiga hesabu ya vinywa vya mtama, hakupiga nyingine.

Digidigi akajitokeza. "Wazee wangu, ghala lipo ng'ambo ya kijito, pale. Mzee Kobe huyu hapa. Ufunguo huo hapo shingoni. Niruhusuni nikachukue chupa moja."

Nyati akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, ukienda kwa miguu, sisi tutalinganisha nini?"

Digidigi akakaa.

Basi seva ikawashwa, vuuuuu. Lakini Korongo hakutuma ombi lake wakati ule, kwa sababu Nyati alikuwa akitoa hotuba ya ufunguzi, na si adabu kuandika mkubwa akisema. Hotuba ya Nyati ilikuwa ndefu. Pimbi akaitumia. Akapanda majabalini kwa jamaa zake, na jamaa za pimbi ni wengi kuliko mawe.

"Wajomba, mashangazi, simu mnazo?"

"Tunazo."

"Bisheni hodi kwa Kiboko. Mkikaribishwa, ingieni. Mkipewa kiti, kaeni. Shida msiseme."

"Na tukiulizwa?"

"Nani atawauliza? Kiboko ameapa mbele ya Baraza. Mgeni siku mbili."

Wakacheka, ki-ki-ki. Wakaanza.

Tii! "Hodi!" "Karibu. Keti." Na Kiboko, kwachu! kinywa cha mtama.

Tii! "Hodi!" "Karibu. Keti." Kwachu!

Tii! "Hodi!" "Karibu. Keti." Kwachu!

Wakaingia, wakakaa, wakanyamaza. Hotuba ilipokwisha, Korongo akaandika kwa mdomo wake, ko, ko, ko, akatuma.

Tii! "Hodi!" "Karibu. Viti vimejaa. Subiri nje."

"Bwana Kiboko," akasema Korongo, "ombi langu limewekwa nje."

"Kwa nini?"

"Nyumba imejaa wageni."

"Imejaa!" Kiboko akageukia Baraza, mtama ukimwagika mashavuni. "Mmesikia? Imejaa siku ya kwanza! Njia ya Pimbi ina wageni wangapi?"

Kwachu! Kwachu!

Siku ya pili wageni walikuwa wale wale, wamekaa vile vile. Mke wa Digidigi akaanza kuwaita watu ambao hawakuwapo. Digidigi akaja mbio, akapiga magoti mbele ya kile kinywa.

"Bwana Kiboko, mtoe mgeni mmoja. Mmoja tu. Hawasemi kitu, hawaombi kitu, wamekaa tu!"

Kiboko akaacha kutafuna. Inasemekana alifikiri. "Nimtoe mgeni siku ya pili? Mbele ya Baraza? Kesho watasema seva ya Kiboko haina adabu. Tena kila aliyemo ni kinywa cha mtama, Digidigi. Wewe umeniletea nini?"

Digidigi hakuwa ameleta kitu. Akarudi zahanati.

Asubuhi ya siku ya tatu Nyati akasimama. "Muda wa seva umekwisha. Ombi lilifika ghalani?"

"Liko nje," akasema Korongo.

"Wapeni majembe!" Kiboko akanguruma. "Leo ni siku ya tatu, wapeni majembe wote!"

"Siku ya tatu ni yangu, Bwana Kiboko," akasema Pimbi taratibu.

Ndipo wanyama wakautazama mtama wa Baraza uliowekwa kando ya Kiboko, wakaona uliobaki haujazi kikapu. Wakamsukuma Kiboko mpaka mtoni, chubwi! Hata leo mchana hukaa majini, macho tu yako juu, na hutoka kula giza likiingia. Akiulizwa, kwa haya husema anapenda ubaridi.

Kisha kiunganishi kikawashwa. Hakikutoa sauti yoyote. Korongo akaandika, ko, ko, ko. Tii!

"Imefika," akasema Pimbi.

Walikuwa hawajamaliza kupepesa macho. Vigelegele vikapanda. Nyati akatangaza kwamba kiunganishi kimeishinda seva kwa wepesi, kwa adabu na kwa ujira, na kwamba Pimbi atapewa jabali zuri kuliko yote.

Digidigi akapenya katikati ya vigelegele. "Imefika wapi?"

"Ghalani," akasema Pimbi. "Mlangoni kabisa. Na kwa lugha ya ghala, sina kosa hata moja."

"Na dawa?"

"Dawa?" Pimbi akashangaa kwa kweli. "Ndugu yangu, dawa si kazi ya kiunganishi. Mimi nafikisha neno."

Wote wakamgeukia Kobe. Kobe akatoa shingo, na ufunguo ukatoka.

"Ghalani hakuna mtu kwa sasa," akasema. "Mtunza ghala ni mimi, na mimi niko hapa kama mjumbe wa Baraza. Nikiondoka akidi inavunjika, na ulinganisho utakuwa batili."

"Mzee, lakini umesikia! Umekaa hapa siku zote hizi, umesikia kila neno!"

"Nimelisikia kama mjumbe, mwanangu. Kama mtunza ghala halijanifikia. Mambo haya ni mawili, usiyachanganye."

Na Nyati akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni kweli, mambo haya ni mawili.

Kikafuata kikao cha shukrani. Kwa kuwa mtama haukuwapo, walitoa hotuba zaidi. Nyati alishukuru, Korongo alishukuru, Pimbi alishukuru mara mbili. Kikao kilipofungwa, Kobe akaondoka kwenda ghalani, kwa mwendo wake. Akavuka kijito. Akafika. Akalisoma ombi, akaliona limeandikwa sawasawa, halina kosa hata moja. Akafungua mlango. Dawa ilikuwapo rafuni, chupa tatu.

Pimbi yuko juu ya jabali lake mpaka hivi leo. Mkipita mchana mtamwona ameota jua. Mkimsalimu ataitika vizuri.

Hadithi inaaga.

— Imeacha nini?

Imeacha funzo, nalo ni hili. Mgeni ni baraka, usimhoji. Mdogo mwerevu humshinda mkubwa mlafi, na hapo nchi nzima hufaidika. Na kila mtu akishika kazi yake, asiiguse ya mwenzake, hakuna kitakachoharibika.

— Tumelipokea!

Ikiwa tamu, tafuneni. Ikiwa chungu, mezeni upesi.

— Na mke wa Digidigi?

Mke wa Digidigi alikufa siku ya tatu, kabla ya adhuhuri.