Tembo Anapika, Anatwanga, Anafagia

Hapo zamani za kale, wala msinikodolee macho, maana nilikuwepo mwenyewe, nimekaa juu ya uzio natafuna muwa, Tembo alikuwa anapika boga la nazi ili apate mke.

Alikuwa amemposa binti wa Mama Kiboko. Mama akamwambia, "Mchana nakuja kula kwako. Nikishiba, binti ni wako. Nikirudi na njaa, posa imevunjika."

Basi Tembo akakiinamia chungu, mwiko mkongani, anakoroga tui polepole lisikatike. Koro, koro, koro. Moyo wake wote umo chunguni.

"Hodi!" Huyo Pimbi, kadogo kama mchi uliovunjika, tumbo limeshikana na mgongo kwa njaa.

"Karibu, mdogo wangu. Ila usinisemeshe, nakoroga."

"Unakoroga tu? Ala! Mkonga unafanya kazi, miguu minne imekuja kutazama ngoma?"

Tembo akaitazama miguu yake. Kweli, imesimama tu.

"Mama mkwe akikuta hata mtama haujatwangwa," akasema Pimbi, "atasema binti yake anaolewa na gogo."

Gogo! Neno likamchoma. Akatia mguu wa mbele kwenye kinu. Pu! Pu!

"Ewaa! Na masikio hayo, si ya kupepea moto?"

Pwepe, pwepe!

"Na mkia?" Pimbi akaufungia fagio. Shwa, shwa! Vumbi likatimka.

"Mguu wa nyuma usugue sufuria!"

Kwaru, kwaru!

"Waniona, mdogo wangu?" Tembo akacheka, jasho linamtiririka. "Nani mwingine anaweza?"

"Hakuna, kaka! Ila mtama unaruka nje ya kinu, kuku wanaudonoa!"

"Ishi! Ishi! Sasa nitauokotaje, na mkonga umeshika mwiko?"

"Nipe mimi. Nakukorogea kidogo tu."

Akampa.

Tembo akaokota. Akikumbuka kufagia, anasahau kupepea. Akikumbuka kupepea, mguu unatwanga pembeni ya kinu. Nyuma yake akasikia: nyam, nyam.

"Pimbi! Ni nini hiyo?"

"Naonja chumvi, kaka."

"Imekolea?"

"Huku juu imekolea. Nakwenda kuangalia chini."

"Angalia vizuri!" akasema Tembo, na kuendelea kukimbizana na kuku.

Mara, "Hodi, mkwe!" Mama Kiboko huyo mlangoni.

"Karibu, mama! Tazama mwenyewe, kazi tano kwa mpigo!"

Mama Kiboko akatazama. Uwanja umefagiwa nusu, na vumbi lote limehamia kwenye mtama. Sufuria moja imesuguliwa mpaka imetoboka. Akachungulia chunguni: mwiko peke yake, umerambwa ukang'aa.

Kutoka kwenye ufa wa jabali nyuma ya nyumba, alikokwisha kukimbilia, Pimbi akacheua, "Beeeu!"

"Mkwe," akasema Mama Kiboko, "fagio nimeliona, vumbi nimelila. Boga liko wapi?"

Mama Kiboko akageuka na njaa yake, akaenda zake, na posa ikafia hapo.

Mshika mbili moja humponyoka. Tembo alishika tano, na iliyomponyoka ndiyo ya kuliwa.

Yote hayo nimeyaona kwa macho haya, isipokuwa Pimbi kucheua. Hilo nimelitia mwenyewe, maana alitoroka kimya kimya, kama mwizi yeyote mwenye adabu.