Koili Mbili Zilizokubaliana

Palikuwa na fundi mmoja wa vipimo, wapendwa, katika mji usio mbali na hapa. Kazi yake ilikuwa kutunza koili tatu za waya, zilizolazwa katika mafuta ili zisipate joto wala baridi ya ghafla. Kwa koili hizo walipima ukinzani wa umeme, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, na mafundi wa nchi nzima walileta mita zao zisahihishwe hapo. Mbili alizitunza mwenyewe. Ya tatu ilitunzwa na mwenzake, dada mmoja waliyeanza naye kazi siku moja, ambaye watoto wake walimwita fundi huyu mjomba.

Sasa waya huzeeka kama sisi. Kadiri miaka inavyokwenda, ukinzani wake husogea kidogo kidogo, na hakuna anayeona. Kwa hiyo walikuwa wakizilinganisha zile koili. Siku moja mbili zikasema neno moja, na ya tatu, ya yule dada, ikasema lake.

"Uliiangusha," fundi akasema.

"Sikuiangusha, kaka."

"Dada, watu wawili wakikwambia mvua inanyesha, na mmoja akasema jua linawaka, wewe utaanika mpunga?"

"Nitachungulia nje kwanza."

Wenzao wakacheka. Fundi hakucheka. Alikwenda kwa mkubwa wa kazi, akasema dada yule ameharibu kipimo na anaficha. Koili ikatupwa stoo. Dada akahamishiwa upande wa mizani za sokoni, akawa anakagua mawe ya kupimia nyama. Wakikutana getini yeye husalimu, na fundi hujifanya anatafuta funguo mfukoni.

Baadaye zikaja habari kwamba dada anaumwa, yuko kitandani. Mke wa fundi akamwambia, "Nenda ukamwone." Naye akajibu, "Nitakwenda. Acha kwanza lile jambo lijulikane." Maana kulikuwa na chombo kipya cha kuhakiki koili kinakuja, na yeye alitaka kwenda akiwa na ukweli mkononi.

Chombo hicho ni kitu cha kushangaza. Mnajua ule weusi wa penseli? Ni kaboni, ndugu wa mkaa wa jikoni mwenu. Wataalamu huchukua utando mmoja tu wa kaboni hiyo, mwembamba hata hakuna mwembamba kuuzidi, wakauita grafini. Ukiuweka katika baridi kali kupita barafu yoyote, katikati ya sumaku kubwa, ukinzani wake husimama mahali pamoja. Ukipimwa hapa au ng'ambo ya bahari, ni ule ule. Haujui kuzeeka.

Wakazipima koili zote tatu kwa grafini. Zile mbili zilizokubaliana zilikuwa zimepotoka. Zilikatwa kutoka roli moja ya waya, zikalala katika sanduku moja la mafuta, zikazeeka pamoja, zikapotea pamoja bega kwa bega. Ile iliyotolewa stoo ilikuwa imesimama palepale.

Fundi hakungoja hata chai. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa dada. Akakuta turubai linafungwa uani, na wanawake wameketi kwenye mikeka. Mume wa dada akaja kumpokea.

"Karibu, shemeji. Ametutoka alfajiri."

Fundi akashindwa kukaa. Akasema, "Nilikuja kumwambia koili yake ilikuwa sahihi."

Yule mume akauliza, "Koili gani?"

"Ile tuliyogombania."

"Shemeji, mke wangu hakunitajia koili hata mara moja. Alikuwa akiuliza habari zako tu. Aliuliza kama kile kifua chako kimepona. Juzi amesema, akija mwambieni asilale dirisha likiwa wazi."

Wapendwa, kosa la fundi huyu lilikuwa lipi? Kuamini koili mbili? Hapana, yeyote wetu angeziamini. Na sisi tunafanya hivyo kila siku: tunakaa na wanaofikiri kama sisi, waliokatwa kutoka waya mmoja na sisi, tukikubaliana tunasema Mungu amesema. Hilo ni kosa, lakini laweza kusahihishwa. Lilisahihishwa.

Lililomliza ni lile jingine. Alingoja kwanza ijulikane nani ana haki, ndipo aende kumwona mgonjwa. Je, kulihitajika grafini kumwambia kwamba yule ni dada yake?

Sisi tuliokwisha kuzika tunajua uani kulivyo wakati turubai linafungwa. Unafika na neno lako, zuri, la kweli, na hakuna wa kumpa.

Kuna mtu hapa leo ambaye ana nyumba asiyopita mbele yake. Nakuomba, ukitoka kanisani nenda. Usiende na hoja. Piga hodi leo, wakati anayeitikia "karibu" bado ni yeye mwenyewe.