Mama Ngiri na Dawa ya Ini

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Basi yategeni."

Hapo zamani za kale, Mama Nungu mwenye miiba na Mama Ngiri walikuwa majirani. Wote wawili walichimba mizizi, lakini Mama Nungu alijua na dawa.

Siku moja Nyati aliugua ini. Macho ya manjano, tumbo limemjaa, chakula hakipiti. Mama Nungu akachuma majani machungu, machache tu, akayachemsha, akampa kikombe kidogo. Nyati akapona. Akaugua Pofu, yule swala mkubwa, akapona. Akaugua swala Tohe, naye akapona.

Pori zima likaimba:

"Nungu, Nungu, mkono wako una baraka!"

Mama Ngiri kila akiusikia wimbo ule, roho ilimuuma.

"Nungu, Nungu, kila siku Nungu! Kwani mimi sina mikono?"

Akamvizia jirani yake kichakani. Majani akayaona, akayajua. Kipimo hakukijua.

Haukupita muda, mumewe, Bwana Ngiri, akaamka na macho ya manjano.

"Mke wangu, niitie Mama Nungu."

"Wa nini? Dawa yake ninayo."

Akajaza majani chunguni, akachemsha mpaka maji yakawa meusi. Akasema moyoni, "Yeye hutoa kikombe, mimi natoa chungu. Tuone nani ataimbwa!"

Bwana Ngiri akanywa, akatapika.

"Mke wangu, tumbo lawaka. Niitie Mama Nungu."

"Aje atambe nyumbani kwangu? Kunywa!"

Akanywa. Macho yakazidi umanjano.

"Mke wangu..." Safari hii sauti ilitoka kwa taabu. "Nungu..."

"Hata wewe! Hata wewe, kitandani kwangu, wamtaja Nungu!"

Machozi ya wivu yakamtoka. Akamnywesha tena kwa nguvu.

Kulipokucha, Bwana Ngiri hakumjua hata mkewe. Ndipo Mama Ngiri alipokimbia, akaanguka kwa magoti mlangoni pa jirani.

"Nisaidie! Mume wangu anakufa!"

Mama Nungu akainuka. Akaja mbio, akamgusa mgonjwa chini ya mbavu, akakitazama kile chungu. Akaketi chini.

"Jirani, majani haya yakiwa kidogo hulitibu ini, yakizidi hulila. Ungeniuliza, nisingekunyima."

Jua halijapanda, Bwana Ngiri akakata roho.

Mama Ngiri akapiga magoti kaburini, akilia, akichimbua udongo kwa pua yake. Waliokuja kuzika wakamwinua, akarudi chini. Wakamwinua tena, akarudi chini. Mara ya tatu wakamwacha.

Hata leo, ukimkuta ngiri akichimba mizizi, utamkuta amepiga magoti.

Basi, wenzangu, dawa bila kipimo ni sumu, na wivu haujui kipimo. Kama anayejua ni jirani yako, mwendee umuulize.

Ngano yangu naituliza hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.