Hati ya Madebe Matatu

Siku sheria mpya ya vipimo ilipoanza, mkaguzi Kifyasi aliingia sokoni akitangaza, "Kilo tu! Andiko lolote lenye debe au kibaba ni batili!" Akakiona kibao cha Bi Nanzia: *Kunde kwa debe*. "Nazichukua zote!"

Bi Nanzia alishtuka. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno yake yote.

"Sawa, bwana mkubwa," alisema kwa upole. "Niandikie tu hati, mume wangu asije akadhani nimezigawa."

Kifyasi hakuwa na mizani. Aliupakia mzigo garini mwake, akaukadiria kwa macho, akaandika, akagonga muhuri. Bi Nanzia akaisoma kwa sauti: "Nimechukua *madebe* matatu ya kunde."

"Batili!" soko zima likapiga kelele.

"Kalete mizani, bwana mkubwa," alisema Bi Nanzia, akishusha kunde zake kutoka garini. "Ukirudi utakuta kibaoni nimeshaandika kilo."