Kaa la Moto Juu ya Marumaru

Kwaru, kwaru, chwaa. Kabla hakujapambazuka, kijiti cha kiberiti kilikwaruzwa jikoni, na jiko la mkaa likaanza kupumua kule kibarazani. Haukupita muda, mlango ukabishwa.

"Hodi wenyewe. Naomba moto."

Alikuwa Mzee Kombo, jirani wa mlango wa pili, ameshika kisahani cha bati. Mama wa nyumba akamwekea kaa moja jekundu. Wakaulizana hali, wakacheka kidogo, mzee akaenda zake taratibu. Rukia na mdogo wake Saumu, waliokuwa wamelala na bibi yao, wakaanza kuchekea ndani ya shuka.

"Bibi," Saumu akanong'ona, "jana tumemwona ananunua kiberiti dukani. Halafu jiko lake ni la gesi!"

Mama yao alisikia. Akajibu kutoka jikoni bila kugeuka, "Aombaye moto hakukosa kiberiti."

"Ndiyo nini hiyo, Bibi?" akauliza Rukia.

Bibi akawavutia shuka miguuni, maana baridi ya alfajiri ilikuwa bado imo. "Ni methali, wajukuu zangu, tena changa. Nyingine zilizaliwa mashambani na nyingine vitani. Hii ilizaliwa humu mjini, kwenye vumbi la saruji. Sogeeni niwaambie ilivyoanza."

Palikuwa na mtaa ukiitwa Visimani, nyumba za udongo na mabati yenye kutu, ua umegusana na ua. Siku hizo mji ulikuwa unakua kama mtoto anavyokua usingizini: watu wanalala umeishia hapa, wanaamka umefika pale. Ikaamuliwa Visimani nayo ijengwe upya, iwe ya maghorofa. Ikavunjwa nusu ya mtaa kwanza. Wenyewe wakaenda kupanga kwingine, ghorofa likasimama, wakarudi wakapewa funguo. Nusu ya pili ikaachwa kungoja zamu yake.

Aliyenyanyua kuta za ghorofa lile alikuwa mwanamke kijana, jina lake Kabula, mtu wa Magu, dereva wa kreni. Kila alfajiri alipanda ngazi za chuma mpaka kwenye kibanda chake cha vioo, akakaa huko juu akingoja mwanga, akingoja na zege. Ukiwa juu vile, mji ulikuwa kama ndoto inayootwa na mtu mwingine. Ukungu umelala juu ya mabati, taa za barabarani zinaelea bila nguzo, na sauti ya jogoo inapanda peke yake, jogoo mwenyewe haonekani.

Na kila alfajiri Kabula aliona jambo lile lile. Katika ile nusu ya mtaa iliyobaki, moshi mmoja uliinuka kutoka ua mmoja. Kisha nukta nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, ikatoka katika ua ule, ikavuka kichochoro, ikaingia ua wa pili. Moshi wa pili ukainuka. Nukta ikatoka tena. Ikaenda hivyo ua hadi ua, kama sindano yenye uzi mwekundu inayoshona nguo iliyochanika. Kabula alijua kuwa ni watu wanaombana moto. Alishangaa tu, maana viberiti vimejaa kila duka. Lakini alipenda kutazama. Siku nyingine alifumba macho kidogo, na uzi ule ukaendelea kushona ndani ya macho yake.

Ghorofa lilipokwisha, mkandarasi alimpangia Kabula vyumba viwili mle mle, ghorofa ya tatu, kwa kuwa jengo la pembeni lilikuwa bado linajengwa, na kazi ya nusu ya pili ilikuwa inakuja. Alfajiri ya kwanza alikuwa anafunga kamba za buti, akasikia hodi. Mlangoni amesimama bibi mmoja mwembamba, kajitanda kanga, mkononi ana kigae cha chungu kilichovunjika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Bi Sikudhani, wa mlango huu hapa. Naomba moto."

Kabula akageuka kutazama jiko lake la gesi. "Mkaa sina, bibi. Lakini ngoja." Akamletea kiberiti. "Chukua tu."

Bi Sikudhani akakitazama kile kiberiti, kisha akamtazama mwenye kukitoa. "Umelalaje?"

"Salama, bibi. Samahani, nimechelewa."

"Haya, nenda. Ujishike vizuri huko, maana nasikia ndiye wewe unayening'inia juu kama popo."

Kesho yake akaja tena na kigae chake. Na keshokutwa. Kabula akaanza kuona huruma. Akajiambia: maskini, bibi huyu hana hata kiberiti, na kusema anaona haya. Jioni akapitia dukani, akanunua pakiti nzima ya viberiti, na juu yake kile kidude cha kuwashia gesi. Alfajiri hodi ilipopigwa, alikuwa tayari.

"Shika, bibi. Hivi vitakufikisha mbali. Hutahangaika tena kuja huku na baridi hii."

Bi Sikudhani akapokea kwa mikono miwili. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akarudi kwake, na mlango ukafungwa polepole.

Kabula alishuka ngazi siku ile moyo umejaa. Msimcheke, wajukuu zangu. Wema wake ulikuwa wa kweli. Ila aliutoa ukiwa umefungwa, haukuacha mahali pa kuingiza mkono.

Tangu hapo hodi ikakoma. Kabula akawa anafunga buti polepole kuliko inavyotakiwa, sikio liko mlangoni. Korido kimya, inanuka rangi mpya. Chai akaiona haina ladha, akadhani ni sukari.

Jioni moja akakutana na Bi Sikudhani kwenye ngazi, kakumbatia viroba vitupu na kamba.

"Unasafiri, bibi?"

"Nahama. Jumamosi mwanangu Sefu anakuja kunichukua, nikakae kwake Urambo. Funguo nitawarudishia walionipa."

"Unahama? Na nyumba mpya hivi! Maji yanapanda yenyewe."

"Nyumba ni nzuri, sijaitukana," akasema Bi Sikudhani. "Maji yanapanda yenyewe, taa zinawaka zenyewe. Sasa mimi nifanye nini?" Akapumzika kwenye ngazi. "Mume wangu kalala hapo nyuma ya msikiti. Nilidhani na mimi nitalala kando yake. Lakini majirani zangu wa ua wametawanywa, huyu juu kabisa, yule jengo la nyuma, na ukuta, mwanangu, hauitikii salamu. Urambo nina wifi yangu, mgomvi huyo, usiseme! Heri niwe na mtu wa kugombana naye asubuhi." Akacheka, lakini macho hakuyainua.

Kabula akambebea viroba mpaka mlangoni. Kisha akaketi kwake bila kupika, akisikiliza upande wa pili wa ukuta: sahani zinafungwa kwenye kanga, sufuria inaingia ndani ya sufuria. Ndipo alipokumbuka kwamba tangu ahamie pale, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza amelalaje.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kabula alipanda kreni mapema, ukungu ukiwa mwepesi. Uzi mwekundu ukaanza kushona kama kawaida: moshi, nukta, moshi, nukta. Ikafika kwenye ua mmoja chini ya mnazi mfupi, ikaingia. Moshi haukuinuka. Nukta haikutoka. Kabula akasogeza uso kwenye kioo. Mara mtu akatoka mbio katika ua ule, na nyua zote zikafunguka kama maua: huyu na ndoo, huyu na bakuli lililofunikwa, wanaume wawili na kitanda cha kamba. Wakamtoa mzee mmoja, wakamlaza, wakampepea. Kisha wakambeba na kuondoka naye, na nyuma yao vigae vya moto vikabaki chini vikiwaka pale vilipowekwa.

Siku ile chai ilichelewa. Aliyeiuza pale langoni kwa mafundi alikuwa Mama Chiku, mkazi wa ile nusu iliyobaki.

"Mnisamehe," akasema akimimina. "Mzee wetu homa ilimzidi usiku, hakuweza hata kuita. Tumemfikisha zahanati, sasa anakunywa uji na ameanza kulalamikia chumvi. Atapona."

"Mlijuaje?" Kabula akauliza.

"Jirani alikwenda kuomba moto, hodi isijibiwe."

"Lakini Mama Chiku, hivi nyie mnaombana moto wa nini? Si mnavyo viberiti?"

Mama Chiku akacheka mpaka birika likatikisika. "Ee dada wewe! Sasa ukienda kwa mtu alfajiri utamwambiaje? 'Nimekuja kutazama kama umekufa'? Si unaomba moto!"

Kabula akaweka kikombe chini. "Kuna bibi alikuwa anakuja kwangu. Nikampa pakiti nzima."

"Pakiti?" Mama Chiku akaacha kucheka. Akamwongezea chai bila kuombwa. "Basi, dada yangu, umemwambia asirudi."

Jumamosi alfajiri, Kabula hakufunga buti. Alichukua kipande cha marumaru iliyovunjika, kilichobaki pale ujenzi ulipokwisha, akatoka miguu mitupu koridoni. Sakafu ilikuwa ya baridi. Akasimama mbele ya mlango wa Bi Sikudhani, na moyo ukampiga kuliko siku ya kwanza alipopanda kreni.

"Hodi. Naomba moto."

Kitasa kikazungushwa.

"Moto?" akasema Bi Sikudhani. Nyuma yake viroba vimesimama vimefungwa kamba. "Wewe uliyenipa pakiti nzima?"

"Vyangu vimelowa, bibi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Kwa mvua ipi?"

Kabula akatazama kipande chake cha marumaru. Machozi yakamlengalenga na kicheko kikamjia, vyote pamoja. "Sijui, bibi. Umelalaje?"

Bi Sikudhani alitazama miguu mitupu ya yule binti, akatazama marumaru, kisha akageuka na kuanza kufungua kamba ya kiroba kimoja. Akatoa jiko lake la mkaa, akalipeleka kibarazani, akaliwasha kwa kile kiberiti alichopewa. Wakaketi wawili kulisubiri, mji ukiamka chini yao ndani ya ukungu. Bibi akaeleza ua wake ulikuwa wapi, pale sasa panapopita ngazi. Kabula akaeleza alivyokuwa akiutazama kutoka juu moto wa zile nyua zilizobaki, ukivuka vichochoro kila alfajiri.

"Uliuona?" Bi Sikudhani akamshika mkono. "Basi ulikuwa jirani yetu siku nyingi, sisi hatuna habari."

Kaa liliposhika, akamwekea juu ya marumaru. Kabula akatoka nalo koridoni, akasimama, maana jiko lake yeye halili mkaa.

"Wabishie wale wa mlango wa mwisho," Bi Sikudhani akamwambia akicheka. "Wanamchemshia mtoto maji kwa mkaa. Kila asubuhi nawasikia wanavyokohoa."

Akafungua baba kijana, macho mekundu, mtoto begani. "Nani kawaambia? Mkaa umenishinda tangu saa hizo!" Akapokea moto kama mtu anayepokea mgeni. Bi Sikudhani, aliyekuwa amefuata nyuma, tayari ameshamchukua mtoto.

Huko ndiko Sefu alikomkuta mama yake, jua limeshatoka, mtoto wa watu amelala mapajani mwake.

"Mama, gari linasubiri. Mbona viroba vimefunguliwa?"

"Mwanangu, msalimie wifi yangu. Mwambie agombane na kuku kwanza. Mimi kesho nina mtu anakuja kuomba moto. Nikiondoka, nani atampa?"

"Nani, huyu dada jirani yako?" Sefu akashangaa akimtazama Kabula. "Mama, mimi nimepita mlangoni kwake, nimeona jiko la gesi. Na kiberiti kiko juu yake!"

Bi Sikudhani akamfunika mtoto vizuri kwa upande wa kanga. "Sefu baba," akasema, "aombaye moto hakukosa kiberiti."

Sefu akambusu mama yake mkono, akala kifungua kinywa, akarudi Urambo na viroba vitupu. Na zamu ya ile nusu ya pili ilipofika, watu wa kina Mama Chiku walipopanda na mikeka yao wakiogopa ngazi na kuta, walikuta alfajiri ya kwanza kaa jekundu linakuja koridoni juu ya kipande cha marumaru, na mwanamke mrefu mwenye kofia ngumu amelishika.

Bibi akamaliza hapo. Dirishani kulikuwa kumeanza kuwa na rangi ya maziwa. Saumu alitoka kitandani, akaenda jikoni akachukua kisahani, akavuka korido kwa miguu mitupu. Bibi na Rukia wakasikia hodi yake ndogo.

"Moto?" Sauti ya Mzee Kombo ikafika mpaka ndani. "Si huu niliotoa kwenu sasa hivi? Mama yako hana kiberiti?"

"Anacho," akasema Saumu. "Aombaye moto hakukosa kiberiti, babu. Umelalaje?"

Wakamsikia mzee akivuta kigoda.

"Nimelala vizuri, mjukuu wangu. Karibu ukae, chai iko tayari. Na kesho, tafadhali, ukose moto tena."