Kiti Kimoja cha Nyarubimba

Hapo zamani, wajukuu zangu, na sisemi ile zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzijuzi tu, kanga moja ilipovaliwa na mama mpaka ikarithiwa na binti, palikuwa na kijiji kikiitwa Nyarubimba, katika nchi ya michikichi.

Mchikichi ndio uliotulea. Ah, siku ya kukamua! Chikichi zinachemka kwenye pipa tangu alfajiri. Zikilainika zinamiminwa katika shimo lililojengewa mawe, na wanawake wanaingia miguu mitupu, wanashikana mabega, wanakanyaga. Kanyaga, kanyaga, nyama ya tunda inaachana na kokwa. Kokwa zinaokotwa, nyama inakamuliwa, mawese yanaelea juu, mekundu, na harufu yake inafika kilima cha pili. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri na vipande vya muhogo wa kuchoma, tuchovye kwenye povu lingali la moto. Nimekula vingi tangu siku hizo. Kama kile, hapana.

Na maneno ya shimoni! Kulikuwa na mjane akiitwa Nyanzobe. Hakuna aliyejua chikichi kama yeye. Alikuwa analitia tunda moja mdomoni, anakwambia limetoka shamba la nani. Shemeji yake alikuwa Bukuru, mhunzi, mdogo wa marehemu mumewe. Bukuru alikuwa hapiti pale bila kuchokoza.

"Shemeji, hapo mnacheza ngoma au mnatafuta mafuta?"

"Ingia na wewe, shemeji! Ila kwanza ukoge hiyo miguu ya mkaa, tusije tukauza lami."

Basi tunacheka mpaka tunakaa chini.

Siku moja redio ikasema kuna Mpango. Nchi yote inaingia kwenye Mpango, na kila mkoa utapata mtambo wake. Sisi tungepata mtambo wa kukamua mawese. Haukupita mwezi, likaja gari la Wizara, na ndani yake Bwana Lusekelo, mtu wa mipango, mpole, suruali imenyooshwa ikakaa kama karatasi. Akasema, "Naomba kikapu kimoja cha chikichi zenu. Zitapelekwa Ulaya zikapimwe, ili mtambo utengenezwe kwa kipimo chake."

Kazi ya kuchuma akapewa Nyanzobe.

Sasa sikilizeni hapa. Kwetu mgeni hapewi cha kawaida. Kuku wa mgeni si yule anayetaga, ni yule jogoo aliyenona. Na Nyarubimba, katika michikichi elfu na zaidi, ilikuwepo mitatu tu iliyopandwa na mzungu mmoja wa kilimo nyuma ya zahanati ya zamani. Chikichi zake nyama tele, kokwa ndogo kama punje ya hindi. Zile nyingine zote, zetu za asili, nyama kidogo, kokwa kubwa na ngumu kama jiwe la kunolea kisu. Ile mitatu ilikuwa ya wakwe na ya wageni. Nyanzobe akaenda moja kwa moja kwenye ile mitatu.

"Tumpe hizi za kila siku, akatuseme mjini?" alisema. Wenzake wakamwambia umefanya vema.

Bwana Lusekelo akazipokea, akasema, "Hongereni, chikichi zenu nzuri sana." Hakuuliza zimetoka mti gani, wala miti ya namna hiyo iko mingapi. Maharage aliyotelekewa hayajaiva, gari limeshaondoka.

Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Wa nne ndipo ikaja barua: mtambo uko njiani. Na barua ikaagiza: mashimo ya kukamulia yafukiwe, mapipa yavunjwe, ili chikichi zote ziende mtamboni.

Wanawake wakafukia. Wengine walifukia wakilia, wengine wakicheka kwamba miguu sasa itapumzika. Mapipa akayachukua Bukuru. Akayakata, akayagonga, yakawa majembe na bawaba za milango. Nyanzobe akamwambia, "Shemeji, bakiza hata moja." Bukuru akajibu, "La nini? Unataka kushindana na Serikali kwa sufuria?" Hakubakiza.

Mtambo ukafika na fundi wake. Huyo alikuwa Gervas Ntahondi, kijana wa kijiji jirani, aliyepelekwa kusoma Ulaya miaka mitatu. Alipofungua kasha, akaingiza kidole pale skrubu kubwa inapozunguka ndani ya pipa lake la chuma, akapima upana wa nafasi. Kisha akaokota chikichi moja chini, ya kawaida, akaitazama. Akaitazama tena mashine. Akanyamaza.

Bukuru aliyekuwa karibu akamwuliza, "Fundi, mbona rangi imekutoka?"

"Safari tu, mzee wangu."

Siku ya ufunguzi wakaja wakubwa. Wakaja na jenereta juu ya lori. Mtambo ukalishwa nini? Chikichi za ile miti mitatu, maana ni siku ya wageni. Ukanguruma, mawese yakatiririka, watu vigelegele! Jioni wakubwa wakaondoka, na jenereta nayo ikaondoka.

Nyanzobe akamkimbilia Bwana Lusekelo kabla hajapanda gari. "Bwana mkubwa, na umeme?"

"Umeme uko kwenye kitabu cha wizara nyingine, mama. Miaka mitano ijayo."

"Na hiyo miaka mitano mtambo utakula nini? Hotuba?"

Watu wakacheka, na Bwana Lusekelo akacheka kidogo, kisha akaangalia viatu vyake.

Gervas hakukaa bure. Akavuta mkanda kutoka kwenye injini ya mashine ya kijiji ya kusaga unga, akaufunga kwenye mtambo. Ukazunguka. Tukaleta chikichi za kweli sasa, zetu za kila siku, vikapu kwa vikapu. Haikufika saa sita mchana, tukasikia kraa! Kokwa zimekaba, skrubu imekatika vipande viwili.

Wajukuu zangu, msimu ule msiuone. Mashimo yamefukiwa. Mapipa ni majembe. Chikichi zinaoza njiani, nzi hata mdomo huwezi kufungua. Maharage tulikula kwa chumvi. Ndipo Gervas akakaa chini mbele ya wanawake, akasema, "Mama zangu, mimi nilijua. Siku ile ya kasha nilijua kuwa nafasi ni finyu kwa kokwa hizi. Niliogopa kuwaharibia wakubwa sherehe."

Nyanzobe akamshika mkono. Akasema, "Na mimi nilijua chikichi zilizopimwa ni zipi. Haya, simama. Tuwe wajinga wawili wanaofanya kazi."

Nyanzobe akafukua shimo lake kwa mikono. Akakusanya masufuria ya kijiji kizima, akachemsha, akakanyaga, akatenga kokwa. Akasema mtambo usipewe tunda, upewe nyama tupu. Akajaribu za kuchemshwa kidogo, zikaziba. Akajaribu za kuchemshwa sana, zikawa uji. Mpaka akajua kiasi.

Bukuru akaomba springi ya lori bovu. Watu wa ukoo wake walikuwa na namna ya kukipoza chuma kiwe kigumu bila kukatika, siri waliyopeana wao kwa wao tu. Siku tisa anagonga. Skrubu ya kwanza ikapinda, ya pili ikapasuka, ya tatu ikakaa.

Gervas akapanua nafasi ndani ya mtambo, akabadili puli, lile gurudumu la mkanda, ukazunguka polepole, mwendo wa mtu mzima.

Na mawese yakatoka! Kazi ya shimo ya wiki tukaifanya kwa siku mbili. Wanawake walikanyaga bado, lakini ile kazi ya kukamua kwa mikono, iliyokuwa inatuvunja viganja, ikaisha. Misimu miwili mtambo wa Nyarubimba unakula na kutema.

Hapo ndipo Bwana Lusekelo akarudi. Safari hii alikaa siku nzima, akala. Akasimama kwenye banda la mtambo, akasema:

"Ndugu zangu, nchi nzima ilileta mitambo minane kama huu. Saba inalaliwa na kuku. Wa kwenu tu ndio unafanya kazi. Sasa unaandikwa Mpango mpya, na ndani yake vijiji ishirini vitapewa mitambo. Wizara inataka mtu mmoja wa hapa akakae mezani wakati Mpango unaandikwa. Mmoja tu. Kiti ni kimoja. Barua za kufukia mashimo kule zimeshachapwa, zinangoja kusainiwa."

Nyanzobe akasimama pale pale. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Kibhande, na Kibhande kilikuwa kimojawapo cha vile ishirini.

Akawa wa kwanza kusema. "Kiti ni changu. Mtambo haulishwi karatasi, unalishwa tunda, na tunda nalijua mimi. Waseme wote hapa, bila miguu yangu kutenga kokwa, ile skrubu ingekatika hata ikifuliwa mara mia. Na shimo litakalofukiwa kesho ni la mwanangu. Nani atapiga kelele mezani kuliko mimi?"

Bukuru akacheka. "Shemeji, utapiga kelele, hilo sina shaka. Lakini kikapu kilichotuponza nani alikichuma? Wewe ulitaka sifa ya kijiji. Mjini watakupa chai kwenye kikombe cha maua, utawapa tena zile za miti mitatu. Kiti ni changu! Mitambo ishirini ikikatika skrubu, nani atazifua? Ulaya? Tulingoja miaka minne! Mpango wao umehesabu mpaka kalamu, haukuhesabu mhunzi hata mmoja, na kila wilaya ina wahunzi. Mimi nitawaambia."

"Utawaambia na siri ya chuma chako?" Nyanzobe akamrudishia. "Au utaificha ukooni, vijiji ishirini vije kukupigia magoti? Na mapipa yetu je, shemeji? Mbona siku ile uliyagonga kwa furaha?"

Bukuru akakuna kichwa. Siri hakusema ataitoa. Hakusema hataitoa.

Gervas akasimama, kofia mkononi. "Wazee wangu, naomba nami niseme. Kiti ni changu. Pale mezani maneno yanasemwa kwa namba na kwa michoro. Mama akisema 'kiasi', watamwuliza kiasi gani. Mzee akisema 'chuma kizuri', watamwuliza namba gani. Mimi nimeandika vyote, joto la maji, upana wa nafasi, mwendo wa puli. Mimi peke yangu naelewa lugha ya huku na ya kule."

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Unaelewa lugha mbili, mwanangu, na siku ya kasha ulinyamaza kwa zote mbili!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Gervas akasubiri kitulie, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mama. Na ndiyo maana sitanyamaza tena." Wengine waliamini, wengine wakasema mwoga akishajua njia ya kimya haisahau.

Tukadhani yameisha. Bwana Lusekelo akavua miwani.

"Na mimi nakiomba," akasema.

"Wewe!" watu wakapiga kelele.

"Mimi. Jina langu limeshakatwa kwenye orodha ya waandishi wa Mpango, kwa sababu ya ile saba inayolaliwa na kuku. Anayekuja kukaa mahali pangu hajawahi kuona chikichi. Ninyi kila mmoja anajua kipande chake. Mimi najua namna kosa lilivyopita kutoka meza hii kwenda meza ile, umeme kitabu chake, mafunzo kitabu chake, mashine kitabu chake, na kila meza ikiwa na haraka. Najua mlango lilipopitia kwa sababu nililifungulia mimi. Mkiniandika kama mtu wenu mkanirudisha, nitalala siku saba katika kila kijiji kabla ya kuandika mstari mmoja."

Nyanzobe akamwuliza, "Na ile saba nyingine, Bwana Lusekelo, umewahi kuirudia?"

Akaikunja miwani yake. Kisha akasema, "Bado, mama."

Wote wanne sasa wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Lakini mimi nikikaa peke yangu nachambua mboga, nawasikia bado wakibishana. Kila nikisema nimempata mwenye kiti, sauti ya mwingine inaniambia, "Na mimi je?"

Katibu wa kijiji aliweka karatasi juu ya meza ya mtambo. Ilikuwa na mstari mmoja wa kuandika jina moja. Akashika kalamu, akatutazama watu wote banda zima, na barua za vijiji ishirini zilikuwa zinangoja mjini.

Haya, wajukuu zangu, kalamu hiyo nawapa ninyi. Aliyechuma, aliyefua, aliyesoma, na aliyepanga, akakosea, akakiri: je, kiti kile kilimstahili nani?