Shimo Halifukiwi kwa Shimo

"Shimo halifukiwi kwa shimo." Ndivyo alivyosema baba yenu mchana wa leo alipomkuta mwenzenu Filbati anakopa kwa simu ili alipe mkopo mwingine wa simu, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya hasira tu. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Yametoka humu humu ukooni, na wa kwanza kuyasema ni bibi yenu Imakulata, mke wa kaka yangu Kasiani. Nilikuwepo, kwa hiyo msinikatize. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu alioa akiwa kijana mbichi, lakini hakuwa maskini. Baba yetu alimkatia kipande cha shamba la kahawa mgongoni mwa mlima, juu kidogo ya Mbinga mjini, naye akajenga humo nyumba ya matofali ya kuchoma. Tatizo lake lilikuwa moja: aliona aibu mkewe akose kitu ambacho mke wa jirani anacho. Imakulata mwenyewe hakuwahi kumwomba kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaume wa ukoo huu wana tabia ya kuwasingizia wake zao.

Wakati ule duka la Mzee Hyera pale mjini lilikuwa limeanza kugawa kadi. Ukiwa na shamba la kahawa unaandikishwa jina, unapewa kadi ngumu ya kijani, unachukua unachotaka, utalipa msimu wa kahawa. Usipomaliza, kinachobaki kinaongezewa kidogo kila mwezi. Neno hilo "kidogo" ndilo lililomponza Kasiani. Kwanza lilikuja godoro, maana mtoto wao Benigna alikuwa amezaliwa na haikufaa alale mkekani. Hapo sikumlaumu. Kisha yakaja mabati, ikaja redio, likaja kabati la kioo ambalo lilikataa kupita mlangoni mpaka likang'olewa miguu. Watu walikuja kuitazama nyumba, na kaka yangu akawa anatembea kifua mbele sokoni.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Msimu ulipofika bei ya kahawa ilikuwa mbaya, akalipa kama nusu tu. Kile kidogo cha kila mwezi kikaanza kula ile nusu iliyobaki, na kila alipokwenda kulipa alikuta deni limesimama pale pale alipoliacha.

Ndipo alipopata wazo ambalo aliliona la akili sana. Duka jingine, karibu na stendi, nalo lilikuwa limeanza kutoa kadi. Kasiani akachukua pale gunia la sukari na madumu ya mafuta ya kula, akayauza barabarani kwa bei ya kutupa apate fedha taslimu, akaenda nazo kwa Mzee Hyera. Alirudi anapiga mluzi. Aliponieleza nikamwambia, "Kaka, sukari umeichukua kwa bei ya duka ukaiuza kwa hasara. Hiyo hasara ataibeba nani?" Akanijibu kuwa wanawake hatuelewi biashara. Nikamwacha, maana sikio la kufa halisikii dawa.

Imakulata alijua habari ya kadi ya kwanza tu. Ile ya pili aliijua siku mjumbe wa duka la stendi alipokuja mlangoni kumtafuta mumewe, akasimama akiitazama redio kwa namna ambayo mwanamke yeyote angeielewa. Tangu siku hiyo wifi yangu hakuwa na raha. Mtu akibisha hodi alishika kifua. Chakula kilimshinda, mtoto akawa ananyonya analia kwa sababu maziwa hayatoshi. Akaanza kuishi kwa kusikiliza: nani anapita, anaelekea wapi, viatu vyake ni vya mtu wa mjini au vya jirani.

Hata njia ziliwaishia. Ile ya kwenda misheni ilipita mbele ya duka la Mzee Hyera, na ile ya sokoni ilipita stendi. Kasiani akaiacha ya kwanza, halafu ya pili. Jumapili wakawa wanateremka bondeni, wanavuka mto mtoto akiwa mgongoni, wanafika kanisani nguo zimelowa hadi magotini. Watu waliuliza, nao wakajibu kwamba wanapenda kutembea. Mimi nilicheka mwanzoni. Baadaye nilipomwona Imakulata amekaa benchi la nyuma kabisa, anageuka kila mlango unapolia, kicheko kiliniisha.

Mahindi yalipokuwa yamepandwa na kahawa imetoa maua, kaka yangu akafanya kosa la tatu, nalo lilikuwa baba wa makosa yote. Kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Mapunda aliyenunua kahawa ikiwa bado maua mtini. Huko kwetu biashara hiyo tuliiita magoma: unapewa fedha leo, chache, na kahawa ikiiva yote ni yake. Kasiani akachukua fedha za Mapunda akalipe duka la stendi. Na kwa kuwa Mapunda hakuwa mjinga, walipatana kwamba mavuno yasipofikia kiasi walichotaja, shamba lenyewe litakaa mikononi mwake mpaka deni liishe. Nitajieni mtu mmoja ambaye deni la namna hiyo lilimwishia. Sisi tuliwaona wenye mashamba wakichuma kahawa kama vibarua katika miti waliyoipanda baba zao.

Alimwambia mkewe habari hiyo akiwa ananawa mikono baada ya kula, kama mtu anayeeleza kuwa mvua itanyesha. Imakulata aliniambia baadaye kwamba aliogopa hata kulia. Alimtazama Benigna anavyotambaa sakafuni akajiuliza watalala wapi, kwa sababu nyumba ilikuwa ndani ya shamba hilo hilo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nyinyi mmezaliwa mjini na ngoro mnaziona kwenye picha tu. Mlima wetu ni mkali. Ukiulima kama watu wa tambarare, mvua moja inaubeba udongo wote. Kwa hiyo wazee wetu walilima ngoro. Mvua za mwanzo zikishapita, mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, mlima mzima unagawanyika kuwa viboma vidogo. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila kiboma na kuufunika udongo juu ya nyasi, hapo anapanda maharage. Mlima unabaki na mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta. Maji yanatulia mashimoni, matuta yanashikwa na zile nyasi za chini, udongo hauendi kokote. Ila kazi ya mume ikikosekana, ya mke haina maana. Tuta lisilo na nyasi ni uji.

Mwaka huo Kasiani hakufyeka. Alikuwa anazunguka vijiji vya mbali kutafuta wa kumkopesha, akirudi usiku amechoka, asubuhi hayupo. Ngoro zao zilikuwa juu ya shamba la kahawa, na Imakulata aliona majirani wameshapanda. Akachukua jembe, akachimba bila nyasi. Alijua ni kosa. Alifanya hivyo kwa sababu bila maharage wangekufa njaa kabla ya kuvuna kahawa.

Mvua kubwa ikaja siku ya soko, mchana. Tuta la juu likapasuka, maji ya shimo la juu yakaingia la pili, la pili likapasuka, na kufumba na kufumbua mto mdogo ulikuwa unashuka kuelekea kwenye kahawa. Mvua ilipokatika palikuwa na korongo la kumfikia mtu kiunoni, na miti kadhaa ya kahawa imelala mizizi ikiwa nje. Hiyo ndiyo kahawa ya Mapunda. Kasiani alirudi akaikuta hali hiyo, akatupa koti, akashika jembe.

Mimi nilifika kuwajulia hali nikamkuta amelowa kama kuku, anachimba udongo pembeni mwa lile korongo na kuutupa ndani. Korongo likapungua kidogo, lakini alipochimba pakawa shimo, na maji yaliyokuwa bado yanachuruzika yakaingia humo. Akakimbilia shimo hilo. Akachimba pembeni yake, akalijaza, akaacha shimo jingine chini zaidi. Akaendelea hivyo, anashuka mlima, anahema, bila kuinua uso. Jembe lake lilikuwa limefika kwenye mizizi ya kahawa iliyosimama salama. Nikamwita, hakusikia.

Imakulata alikuwa amekaa mlangoni na mtoto. Akanipa mtoto, akateremka kwenye tope, akaushika mpini wa jembe.

"Baba Benigna, simama."

"Niache nizibe. Mapunda akiona hivi tumekwisha."

"Unaziba kwa kitu gani?"

"Kwa udongo. Huoni?"

"Udongo huo umeutoa wapi?"

Kasiani alitazama juu, kule alikoanzia. Shimo baada ya shimo mpaka miguuni pake, na hakuna hata moja lililojaa.

"Shimo halifukiwi kwa shimo," Imakulata akasema. Hakusema kwa hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Umekuwa ukifanya hivi tangu lile kabati lije. Ukamziba Hyera kwa kuchimba stendi. Ukaziba stendi kwa kuchimba kwa Mapunda. Sasa jembe limefika kwenye kahawa, baba. Chini ya hapa kuna nyumba tu."

Kaka yangu, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akilia hata siku ya kumzika baba, aliketi kwenye tope akalia. Akasema, "Nilikuwa naogopa unione nimeshindwa." Imakulata akamwambia, "Nimekuona siku nyingi. Kilichonitisha ni kukuona unakimbia." Mimi nilimfunika mtoto kwa kanga nikajifanya natazama upande mwingine.

Kasiani akajifuta uso, akauliza, "Sasa udongo wa kuziba nitautoa wapi?"

"Udongo wetu umeshuka bondeni," mkewe akasema. "Tutaufuata, tuupandishe."

Mkiona watu wazima wawili wanapandisha mlima na matenga ya udongo vichwani, mtadhani wamerukwa na akili. Walipandisha. Safari moja ilijaza sehemu ndogo mno, na wapita njia walisimama kushangaa. Kasiani alifyeka nyasi, akazilaza, wakafunika upya. Na madeni waliyaendea hivyo hivyo, kwa miguu na mchana kweupe, wote wawili, kwa njia zile zile walizokuwa wamezikimbia. Imakulata aliniambia kwamba kuteremka bondeni na tenga lilikuwa jambo rahisi kuliko kupita mbele ya duka la Mzee Hyera akijua kila jicho linamwona.

Walianza na Mapunda, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweza kuwatoa ndani ya nyumba. Hawakwenda peke yao, walimchukua mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili wa ukoo. Waliuza redio, kabati, na mbuzi ambao Imakulata alipewa na mama yake, wakaziweka fedha mezani mbele ya wazee. Mapunda hakupenda hata kidogo. Alitaka shamba. Lakini kuzikataa fedha mbele ya mashahidi kungemharibia jina kwa wakulima wote, akazipokea. Kwa kiasi kilichobaki alichukua mavuno ya safu za chini kwa misimu miwili. Zile safu zilimuuma kaka yangu mpaka uzeeni, naye hakuificha.

Maduka wakayalipa kwa maharage, kwa vitumbua vya Imakulata, kwa Kasiani kufyatua matofali ya watu. Walikuwa wakila ugali na mboga za majani, wakilala chini maana godoro nalo liliuzwa. Hofu haikuwatoka kwa siku moja. Kuna miezi mvua iligoma wakalipa kiasi ambacho hata kukitaja ni aibu, lakini walikipeleka wenyewe kabla ya kuitwa. Na hawakuchukua hata kiberiti kwa kadi.

Siku ya kumalizia kwa Mzee Hyera nilifuatana nao. Mzee alihesabu, akatabasamu, akamshika Kasiani mkono. Akasema watu waaminifu kama hawa ni wachache. Kisha akafungua droo akatoa kadi mpya, ya njano, iliyoruhusu kukopa zaidi ya ile ya kijani.

"Hii ni zawadi yenu," akasema. "Mtoto anakua, mnahitaji godoro."

Kweli walihitaji godoro. Akina mama waliokuja kununua chumvi wakawa wanatazama. Nami nikauona mkono wa kaka yangu unainuka kuelekea mezani, taratibu, kama si wake. Mnadhani mtu akishaungua haurudii moto? Anaurudia, wanangu, hasa akisikia baridi.

Imakulata hakumshika. Aliiangalia ile kadi, halafu akamwangalia mumewe tu, ajiamulie mwenyewe. Mkono ukasimama. Kasiani akauteremsha, akaiweka ile kadi ya kijani juu ya ile ya njano, akazisukuma zote mbili kwa Mzee Hyera, akasema kwa sauti ambayo duka zima liliisikia:

"Ahsante, mzee. Mke wangu alinifundisha: shimo halifukiwi kwa shimo."